Ultrasaundi ya moyo: Kwa nini kupandikiziwa pampu au vali si mwisho wa safari

NENO ultrasaundi likitajwa katika kliniki nyingi nchini Kenya, fikira za wengi huwaendea kina mama wajawazito na picha ya mtoto aliye tumboni. Hata hivyo, mawimbi yale yale ya sauti hutumiwa kuutazama moyo ukiwa kazini. Kwa mgonjwa aliyepandikiziwa kifaa kifuani, iwe ni pampu inayousaidia moyo kusukuma damu au vali ya chuma, uchunguzi huo ndio unaoonyesha mapema iwapo kifaa kinamfaa au kimeanza kumdhuru.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa kaunti za Migori na Homa Bay. Upasuaji mkubwa wa moyo hufanyiwa mbali nao, katika hospitali za Nairobi, Eldoret na Tenwek iliyoko Bomet. Lakini mgonjwa haishi katika chumba cha upasuaji. Akipata nafuu hurejea Rongo, Awendo, Ndhiwa, Oyugis au kisiwani Mfangano, na huko ndiko kifaa chake kinakofanya kazi usiku na mchana kwa miaka mingi. Upasuaji hufanywa mara moja; kukitazama kifaa ni kazi isiyokoma.

Chombo kilichotoka kiwandani

Historia ya ultrasaundi ya moyo ilianza nchini Uswidi mwaka 1953. Daktari Inge Edler na mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz, wote wa mji wa Lund, walitumia chombo kilichobuniwa kwa ajili ya kutafuta nyufa ndani ya vyuma katika karakana za meli. Walipokielekeza kifuani, waliona mwangwi wa kuta za moyo zikisogea.

Kanuni yake haijabadilika. Kifaa kidogo kishikwacho mkononi hupakwa jeli na kuwekwa kifuani, kati ya mbavu. Hutoa mawimbi ya sauti yasiyoweza kusikika na sikio la binadamu, yenye mitetemo mamilioni kadhaa kwa sekunde. Mawimbi hayo yakigonga ukuta wa moyo au vali hurudi kama mwangwi, na kompyuta huyageuza kuwa picha inayotembea. Hakuna sindano wala mionzi, na mgonjwa hasikii maumivu.

Sehemu ya pili ya uchunguzi hutumia kanuni iliyoelezwa na Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria, mwaka 1842. Msafiri aliyesimama kando ya barabara huko Isebania husikia honi ya lori ikiwa kali linapomkaribia, kisha ikawa nzito likishampita. Vivyo hivyo, mwangwi unaotoka kwa chembe za damu hubadilika kulingana na mwendo wake. Kwa njia hiyo daktari hupima kasi ya damu inapopita kwenye vali, na kutambua iwapo inavuja au imezibwa.

Pampu ya moyo ni nini

Moyo una vyumba vinne. Chumba kikubwa cha chini upande wa kushoto, kiitwacho ventrikali ya kushoto, ndicho kinachosukuma damu kuelekea mwilini kote. Misuli yake ikidhoofika kupita kiasi, damu hurudi nyuma na kujaa mapafuni. Mgonjwa hukosa pumzi hata akiwa amelala, na miguu huvimba. Dawa zikishindwa, tiba iliyokuwa ikitegemewa zamani ilikuwa moja tu, yaani kupandikizwa moyo wa mtu mwingine.

Pampu ya kupandikizwa ilibuniwa ili kumbeba mgonjwa wakati akingoja moyo huo, au kumsaidia maisha yake yote iwapo hatapata. Mdomo wake hutiwa kwenye ncha ya ventrikali ya kushoto na kuvuta damu. Gurudumu dogo huzunguka kwa kasi, kisha damu hupitishwa kwenye bomba laini hadi aota, mshipa mkuu unaosambaza damu mwilini. Waya hupenya ngozi ya tumbo na kuunganishwa na kidhibiti pamoja na betri ambazo mgonjwa huzivaa kiunoni au mabegani.

Aina iitwayo HeartMate 3, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, gurudumu lake huelea kwa nguvu za sumaku bila kugusa kuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban wagonjwa 58 kati ya kila 100 waliopewa pampu hiyo walikuwa hai baada ya miaka mitano, ikilinganishwa na 44 waliopewa aina iliyoitangulia. Pampu nyingine, HeartWare, iliondolewa sokoni na kampuni ya Medtronic mwezi Juni 2021 kwa sababu za usalama. Wagonjwa waliokwisha kupandikiziwa hawakutolewa pampu hizo kwa jumla. Waliendelea kufuatiliwa kwa makini.

Barani Afrika, pampu hizi zimepandikizwa Afrika Kusini. Nchini Kenya hazijawa tiba ya kawaida. Bei yake ni kubwa mno, na tena zinahitaji umeme usiokatika. Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi. Kwa mwenye pampu, usiku kama huo si usumbufu tu bali ni hatari ya kifo asipokuwa na betri za akiba zilizojaa.

Kinachotafutwa katika picha

Mwenye pampu hawezi kuchunguzwa kwa mashine ya MRI, kwa kuwa sumaku yake kubwa huathiri kifaa. Ndiyo maana ultrasaundi imekuwa chombo cha kwanza cha kumfuatilia. Mambo makuu yanayotazamwa ni matano.

La kwanza ni ukubwa wa ventrikali ya kushoto. Pampu ikifanya kazi vyema, chumba hicho kilichokuwa kimetanuka hupungua. Kikianza kutanuka upya, ni dalili kuwa damu haivutwi ya kutosha, pengine kwa sababu kasi ni ndogo au pampu imeganda damu ndani.

La pili ni ukuta unaozitenga ventrikali mbili. Unapaswa kusimama katikati. Ukivutwa kuelekea kushoto, huenda kasi ya pampu imezidi na inafyonza chumba kilicho karibu kuwa kitupu, au mgonjwa amepungukiwa na maji mwilini, au upande wa kulia wa moyo umeshindwa kuleta damu. Ukisukumwa kulia, pampu haijaupunguzia moyo mzigo ipasavyo.

La tatu ni vali ya aota, mlango ambao damu ilikuwa ikipitia kabla ya pampu kuwekwa. Kwa kuwa sasa damu nyingi inapita kwenye bomba, mlango huo huweza kukaa umefungwa muda wote. Ukifungwa kwa miezi mingi, vipande vyake huweza kushikana, damu iliyotuama juu yake kuganda, au vali yenyewe kuanza kuvuja. Ikivuja, damu iliyopelekwa kwenye aota hurudi ndani ya moyo na kuvutwa tena na pampu. Damu huzunguka mle mle huku mwili ukikosa.

La nne ni ventrikali ya kulia. Pampu husaidia upande wa kushoto pekee. Upande wa kulia ukilemewa, tumbo na miguu huvimba, ini hujaa damu, na pampu hukosa damu ya kusukuma.

La tano ni mdomo na bomba la pampu. Kwa kanuni ya Doppler, daktari hupima kasi ya damu katika sehemu hizo. Kasi ikipanda kuliko kawaida katika mdomo wa pampu, hushukiwa kuwa umeziba au umegeukia ukuta wa moyo.

Pampu nayo huwekewa kasi kwa msaada wa picha hizo. Pampu ya HeartMate 3 huweza kuzunguka kati ya mara 3,000 na 9,000 kwa dakika, na wagonjwa wengi huwekewa kati ya 5,000 na 6,000. Mtaalamu huongeza kasi kidogo kidogo huku mwenzake akitazama skrini, hadi wapate mahali ambapo ukuta umesimama katikati na vali ya aota inafunguka angalau mara moja moja. Zoezi hilo hilo hufichua pampu iliyoganda damu, kwani kasi hupandishwa lakini ventrikali haipungui.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2015 na Chama cha Ekokadiografia cha Marekani unapendekeza mgonjwa apigwe picha kabla ya upasuaji, wakati wa upasuaji na kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Baadaye hupigwa baada ya mwezi mmoja, mitatu, sita na kumi na miwili, kisha kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili.

Mgonjwa asiyekuwa na mapigo

Hata katika kaunti ambako pampu hazipandikizwi, mhudumu wa afya ana sababu ya kuzifahamu. Familia nyingi za eneo la ziwa zina jamaa wanaoishi Marekani na Ulaya, ambako tiba hiyo imeenea. Mmoja wao mwenye pampu akija likizo Kendu Bay na kuanguka ghafla, muuguzi atakayeshika kifundo cha mkono wake huenda asisikie mapigo yoyote, kwa kuwa pampu husukuma damu mfululizo. Mashine ya kawaida ya kupima shinikizo la damu nayo huweza kushindwa kutoa kipimo.

Kutosikia mapigo kwa mtu kama huyo si ushahidi kwamba amekufa. Mhudumu hutazama kama anapumua na kama rangi yake ni ya kawaida, huweka stethoskopu kifuani kusikiliza mvumo wa pampu, hukagua waya na betri, kisha huwapigia simu wataalamu waliotajwa kwenye kadi ya mgonjwa. Shinikizo lake hupimwa kwa kifaa kidogo cha Doppler, na kwa kawaida hutakiwa liwe kati ya milimita 70 na 90 za zebaki.

Vali kabla ya pampu

Kwa Migori na Homa Bay, hata hivyo, kifaa kinachohitaji kufuatiliwa mara nyingi zaidi ni vali. Ugonjwa wa moyo utokanao na baridi yabisi huanza utotoni kwa maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Mwili unapopambana na bakteria hao hushambulia pia vali zake wenyewe, na shambulio likijirudia vali hukakamaa au kuanza kuvuja. Wengi hawajui wanaumwa hadi wanapofikia ujana, au msichana anapopata mimba na moyo kushindwa kuhimili mzigo.

Vali iliyoharibika kabisa hubadilishwa kwa ya chuma au ya mnyama. Vali ya chuma hudumu kwa miaka mingi, lakini damu huelekea kuigandia. Ndiyo maana mgonjwa hutakiwa kutumia dawa ya warfarini maisha yake yote, sawa na mwenye pampu, na kupimwa damu kwa kipimo kiitwacho INR. Kwa vali ya mitrali ya chuma, kipimo hicho kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Kikishuka, damu huganda na kuleta kiharusi. Kikipanda sana, mgonjwa hutokwa damu.

Hapa ultrasaundi hufanya kazi ile ile inayofanya kwa pampu. Picha ya kwanza hupigwa majuma au miezi michache baada ya upasuaji, na huwa kipimo cha kulinganishia picha zote zitakazofuata. Kasi ya damu ikipanda kwenye vali kuliko ilivyokuwa mwanzoni, daktari hushuku damu iliyoganda au nyama iliyoota pembeni. Bila picha ya kwanza, ni vigumu kusema lipi ni geni na lipi lilikuwepo tangu awali. Mgonjwa anayepoteza ripoti yake ya kwanza hupoteza kitu chenye thamani kuliko karatasi.

Mazingira ya eneo hili huongeza ugumu wake. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu zaidi vya maambukizi ya virusi vya Ukimwi nchini. Dawa ya Septrini, ambayo wengi wenye virusi hivyo hupewa, huongeza nguvu ya warfarini. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huipunguza sana. Mboga za majani kama sukuma wiki, osuga na apoth zina vitamini K inayopingana na dawa hiyo. Mgonjwa hakatazwi kuzila, bali hushauriwa ale kiasi kisichobadilika sana kutoka juma moja hadi jingine. Mwanamke mwenye vali ya chuma anayetaka kupata mtoto anapaswa kumwona daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu warfarini huweza kudhuru mimba changa, na kuiacha bila ushauri huweza kumuua mama.

Kwa hiyo mgonjwa mmoja huweza kuwa na kadi za kliniki tatu, kila moja ikiandikwa na mtu asiyejua dawa za mwenzake. Kila dawa mpya inapoongezwa au kuondolewa, kipimo cha INR kinapaswa kurudiwa baada ya siku chache.

Kuuona ugonjwa mapema

Ultrasaundi haina faida kwa waliokwisha kupasuliwa pekee. Kifua kikuu huweza kujaza maji kwenye mfuko unaouzunguka moyo hadi moyo ukashindwa kupanuka, na picha ya dakika chache hubainisha hali hiyo na kuonyesha mahali salama pa kuyatoa. Wenye ugonjwa wa selimundu, ambao umeenea katika maeneo ya ziwa yenye malaria, huweza kupata shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu. Aidha, kuna kina mama ambao misuli ya moyo wao hudhoofika katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au katika miezi mitano baada ya kujifungua. Uchovu wao na kuvimba miguu hudhaniwa kuwa mambo ya kawaida ya uzazi, ilhali moyo unashindwa.

Kwa watoto, ushahidi ni wa wazi zaidi. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto wa shule nchini Msumbiji na Cambodia. Kati ya watoto 2,170 wa Msumbiji, waliogunduliwa kuwa na ugonjwa wa vali kwa kuchunguzwa na daktari kwa njia ya kawaida walikuwa watano. Ultrasaundi iliwapata 66.

Kumgundua mtoto kungekuwa na faida ndogo kama hakungekuwa na tiba. Jibu lilitoka jirani, kaskazini mwa Uganda. Utafiti uliofanywa Gulu na kuchapishwa mwaka 2021 uliwahusisha watoto na vijana 818 wenye umri wa miaka mitano hadi 17, ambao ultrasaundi ilikuwa imeonyesha dalili za awali. Nusu walidungwa penisilini kila baada ya majuma manne kwa miaka miwili. Ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa, ikilinganishwa na asilimia 8.2 ya wasiodungwa. Sindano ya bei nafuu, ikiongozwa na picha, iliwaepusha watoto na njia iendayo kwenye kisu cha daktari wa upasuaji.

Mwaka 2018 Baraza Kuu la Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama zipambane na ugonjwa huu. Uamuzi wa namna hiyo hupata maana pale tu mashine inapofika karibu na mgonjwa. Siku hizi kuna mashine za ultrasaundi zinazoshikwa kiganjani na kuunganishwa na simu. Hazichukui nafasi ya mashine kubwa ya hospitali ya rufaa, wala haziwezi kutumiwa kuweka kasi ya pampu. Lakini muuguzi au afisa wa kliniki aliyefunzwa huweza kuzitumia kutambua moyo uliopanuka, vali inayovuja au maji yaliyouzunguka moyo, kisha akampeleka mgonjwa anapostahili akiwa bado na nguvu za kusafiri.

Safari na karatasi

Mkazi wa Migori anayepewa rufaa kwenda Tenwek hupitia Rongo, Kisii na Sotik kabla ya kufika Bomet. Wa Mfangano huanza kwa boti hadi Mbita. Nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea mara nyingi humfanya mgonjwa aahirishe miadi kwa sababu anajisikia vizuri. Hapo ndipo hatari ilipo. Damu huweza kuanza kuganda kwenye vali au pampu kabla ya mgonjwa kuhisi chochote, na picha huionyesha kabla ya kiharusi.

Mgonjwa aliyepandikiziwa kifaa hushauriwa kuweka pamoja, mahali pasipolowa, kadi yenye jina na namba ya kifaa, ripoti ya ultrasaundi ya kwanza na ya karibuni, daftari la vipimo vya INR, na nambari ya simu ya hospitali iliyompasua. Amjulishe kila mhudumu, akiwemo daktari wa meno, kwamba ana kifaa moyoni. Aulize pia mapema ni sehemu gani ya gharama itakayolipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024.

Dalili zisizongoja miadi ni kukosa pumzi ghafla, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ulimi kuwa mzito, kuzimia, homa isiyoeleweka, kutokwa damu kusikokoma, mkojo kuwa wa rangi nyeusi kama chai ya rangi, na kwa mwenye vali ya chuma, kutosikika tena kwa mlio wake wa kawaida. Akiona mojawapo, mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo, na bahasha ya karatasi zake iwe mkononi.